Kupandisha Kioo Kilima cha Tangi

Kioo kilipovunjika katikati ya kilima cha tangi la maji, wa kwanza kucheka alikuwa fundi viatu. Mtu yule hana adabu hata chembe. Kutwa amekaa pale kwenye kona anatazama ya watu, viatu ni kisingizio tu. Aliiona pikipiki ikisimama kwenye mstari mweupe, akaiona ikilalia upande wa kulia, kisha ikaanza kurudi kinyumenyume injini ikiwa imezima, na mwanamke aliyekuwa akiiendesha akikanyaga huku na huku kama anayetafuta ndara gizani. Halafu ukasikika mlio, na mlio wa kioo hauulizwi ni wa nini.

“Pole, Mama Pacha!” akapaza sauti. “Naona leo mmeteremsha badala ya kupandisha!”

Mama Pacha aliisukuma pikipiki pembeni, akaiegesha, akageuka kumtazama mumewe ambaye bado alikuwa amekumbatia blanketi lililojaa vipande.

“Umeumia?”

“Sijaumia.”

“Mkono je?”

“Nimesema sijaumia, Mama Pacha. Kilichoumia ni kioo.”

Wakakusanya vipande vilivyobaki, wakarudi nyumbani.

Sasa usikimbilie kumlaumu mtu, ngoja kwanza upate habari yote. Baba Pacha ni fundi vioo. Ana duka dogo mbele ya nyumba, lenye meza ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu, na vioo vimesimamishwa ukutani kwa mpangilio, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Pacha wenyewe, waliowapa wazazi wao jina, walikuwa shule ya bweni. Miaka yote mume ndiye aliyeendesha pikipiki na mke ndiye aliyekaa nyuma akishika kioo. Namna yao ya kubeba ilikuwa hivi: kioo kinafungwa blanketi, kinasimamishwa juu ya kiti katikati yao, kati ya mgongo wa dereva na kifua cha abiria, na abiria anakikumbatia mpaka wafike. Watu walizoea kuwaona hivyo wakipita polepole, mume mbele kichwa juu, mke nyuma haonekani, unaona blanketi lenye mikono miwili.

Kisha Baba Pacha akafanya kosa ambalo ni fundi vioo mzoefu tu anayeweza kulifanya. Sheria ya kwanza ya kazi ile, anayoambiwa kila anayekuja kujifunza, ni kwamba kioo kikianguka, kiache kianguke. Yeye mwenyewe aliwaimbia wengi maneno hayo. Lakini siku kioo kikubwa kilipoteleza ukutani, mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe kukidaka. Mkono uliozoea kushika vioo hauombi ruhusa. Kikamkata kano za vidole. Hospitali walimshona vizuri, hakuna wa kuwalaumu, ila vidole vilibaki vimenyooka kama vya mtu anayeapa. Kukata kioo aliweza, maana kalamu ya kukatia inashikwa kwa mkono wa kulia, na kiganja cha kushoto kinatosha kukandamiza rula. Kukumbatia kioo aliweza. Asichoweza ni kuvuta klachi, na pikipiki bila klachi ni kiti tu cha kukalia uani.

Ndipo Mama Pacha akahamia mbele.

Na hapa niseme ukweli, maana wengine watakwambia alifanya hivyo kwa shida tu. Shida ilikuwepo, lakini mwanamke yule alipenda kuendesha. Alipenda mpaka akaona haya. Mume wake ana mkono mbovu, nyumba ina majonzi, na yeye asubuhi anaamka moyo unamwenda mbio kwa furaha kwamba leo kuna oda. Aliyemfundisha ni makanika wa mtaa, mzee wa maneno machache, na somo la mlimani alimpa mara moja tu.

“Mguu wa kushoto ndio unaosimama chini,” alimwambia. “Wa kulia usitoke kwenye breki hata ukiona nyoka. Klachi iachie kidogo kidogo, usikilize. Injini ikianza kuguna na pikipiki ikajikaza, hapo imeshika. Ongeza mafuta kidogo, ndipo uachie breki. Hairudi nyuma hata kwa dawa.”

Akajifunza. Alfajiri, kabla fundi viatu hajafungua, alikwenda peke yake kwenye kilima cha tangi, pale kati ambapo barabara yao inakutana na barabara kubwa ya malori ya kokoto na lazima usimame kwenye mstari. Alisimama, akaondoka, akarudi chini, akapanda tena, mpaka mkono ukachoka. Hakuzima hata mara moja. Akaona, ala, kumbe ndiyo hii tu!

Basi siku ya kwanza akiwa na mume na kioo, ikazima. Siku ya pili ikarudi nyuma, ikabidi Baba Pacha aruke. Kwenye tambarare hakuna neno, anasimama na kuondoka vizuri. Pale mlimani tu, akisimama, pikipiki inalalia kulia. Yeye hana budi atoe mguu wa kulia kwenye breki ili aizuie isianguke. Breki ikiachwa, pikipiki inarudi nyuma. Ikirudi nyuma anashtuka, anaachia klachi, injini inazima. Mambo yote hayo hutokea kabla hujamaliza kusema “mama yangu”. Yeye akasema ni uzito. Baba Pacha akasema si uzito, ni uoga.

Jioni ya siku kioo kilipovunjika, wakati wa kula, Baba Pacha alisema akitazama sahani.

“Nimempigia mpwa wangu.”

Mama Pacha akasimamisha tonge hewani. “Mpwa yupi?”

“Mtoto wa dada. Anakuja Jumamosi. Yeye ataendesha, na amesema atakuja na rafiki yake wa kushika kioo. Wewe upumzike.”

Sikia neno hilo, upumzike! Hakuna neno linalomfukuza mtu kazini kwa adabu kama hilo. Yule mpwa aliwahi kukaa nao kabla pacha hawajaanza shule. Alikata vioo kwa haraka, akaacha kingo hazijasuguliwa, na wateja walipolalamika alisema mke wa mjomba ndiye aliyezipima vibaya. Mama Pacha anamjua. Akishashika usukani wa pikipiki, mwezi ukiisha atakuwa ameshika na meza, mwaka ukiisha duka ni lake, na wao wawili watabaki kufagia vipande.

“Mimi sijachoka,” alisema.

“Mimi nimechoka,” alisema Baba Pacha. “Nimechoka kuchekwa na fundi viatu.”

Akanawa mkono wake mmoja akaondoka mezani. Mama Pacha alikwenda stoo, akakaa juu ya debe la gundi, akalia. Alilia kwa uchungu, na kwa hasira pia, na alikuwa na hasira zaidi kwa sababu hakujua kosa lake ni lipi. Kosa ukilijua unalirekebisha. Hili lilikuwa linamkimbia.

Kesho yake akaja mama mkwe. Mama yake Baba Pacha ni mtu wa mwili, Mungu amemjalia, na goti lilikuwa linamsumbua. Zahanati iko juu ya kilima cha tangi.

“Nipeleke, mwanangu,” alisema, akiwa ameshasimama kando ya pikipiki.

“Mama, si nikutafutie gari?”

“Gari la nini na pikipiki hii hapa? Au unaninyima?”

“Sikunyimi, mama. Ila pale mlimani mimi na pikipiki hatuelewani.”

“Mtaelewana leo.”

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama mkwe hakataliwi. Akapanda, pikipiki ikaguna, tairi la nyuma likabonyea. Mama Pacha akaondoka huku akisoma dua zote alizozijua. Alipofika kwenye mstari, malori yalikuwa yanapita, akasimama. Fundi viatu akaweka nyundo chini, akajiweka sawa ili asipitwe na kitu. Mama Pacha akatua mguu wa kushoto, wa kulia kwenye breki. Akasubiri ile kulalia kulia. Haikuja. Malori yakaisha. Akaachia klachi kidogo kidogo, injini ikaguna, pikipiki ikajikaza, akaongeza mafuta, akaachia breki. Wakapanda. Walipanda taratibu kama maji yanavyojaa kwenye ndoo.

“Mbona walisema hujui?” aliuliza mama mkwe nyuma yake.

Mama Pacha akaanza kuhesabu moyoni. Uzito? Mama mkwe peke yake ni Baba Pacha na kioo chake na nusu ya kingine. Basi si uzito. Na uoga anao leo kuliko siku zote. Basi si uoga. Walipofika zahanati alimsaidia kushuka, akamshika mkono.

“Mama, samahani nikuulize. Pale tuliposimama, ulikuwa umekaaje?”

“Nimekaa kama mtu anavyokaa. Makalio yametulia. Ulitaka nikaeje?”

“Hukuchungulia barabara?”

“Nichungulie ya nini? Si unaendesha wewe?” Mama mkwe akamtazama vizuri, jicho moja limefinywa, kisha akaanza kucheka mpaka goti likamuuma. “Ahaa! Nimekupata. Ni mwanangu huyo. Mwanangu huyo hajui kubebwa! Hata alipokuwa mchanga, nikimfunga mgongoni yeye hatulii. Shingo nje, anachungulia tunakokwenda, mpaka mbeleko inalegea na mimi natembea upande kama kaa. Dada yake nilimbeba akilala. Yule, we! Mgongo huu mpaka leo unamkumbuka.”

Mama Pacha alirudi kwa pikipiki akiwa na jibu kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Sasa mambo yote yakajipanga. Baba Pacha tangu ujana ana goti la kushoto bovu, aliloumia akicheza mpira, kwa hiyo miaka yote yeye akisimama alitua mguu wa kulia na breki akashika ya mkononi. Akiwa mbele hana tatizo. Lakini sasa yuko nyuma, blanketi limemziba, malori yanapita asiyaone. Anafanyaje? Anatoa shingo upande wa kulia achungulie, bega linafuata, na mguu wake wa kulia unatoka wenyewe kwenda chini, kwa mazoea, na pikipiki yote inamfuata. Na Mama Pacha hakuwahi kumwona kwa sababu pikipiki ile haina vioo vya pembeni. Ndiyo, umesikia sawa. Pikipiki ya fundi vioo haina vioo. Vilivunjika zamani, na kila siku atavitia kesho. Mganga hajigangi.

Alimkuta mumewe mezani, anasugua kingo za kioo kwa jiwe.

“Baba Pacha, nimejua tatizo. Unaegemea.”

“Nani anaegemea?”

“Wewe. Tukisimama mlimani unachungulia kulia, na mguu unautoa. Nimempeleka mama leo, tumesimama palepale na tumepanda bila neno.”

Baba Pacha aliweka jiwe chini polepole. “Mimi? Mimi niliyeendesha tangu pacha hawajazaliwa, leo nifundishwe kukaa kwenye pikipiki?”

“Kuendesha unajua. Kukaa nyuma hujui.”

Lilimtoka kabla hajalipima. Uso wa mumewe ulibadilika, na Mama Pacha akaona kwamba neno limeingia mahali ambapo hata hospitali hawakushona.

“Sijachungulia hata siku moja,” alisema Baba Pacha. “Mimi nashika kioo. Kama umeshindwa, sema umeshindwa, usinitafutie dhambi. Jumamosi kijana anakuja na maneno yanaisha.”

Nyani haoni kundule, wamesema wahenga, na wala nyani hasemi uongo, kweli haoni. Baba Pacha hakuwa mwongo. Mtu anayedaka kioo kwa mkono bila kuuambia mkono, anaweza pia kutoa mguu bila kuuambia mguu. Ukimwambia unamtukana. Mama Pacha aliyaelewa hayo, na kwa kuwa aliyaelewa akazidi kukata tamaa, maana mtu mwongo unaweza kumbana, lakini mkweli asiyejiona utambana wapi?

Ijumaa asubuhi msusi akapiga simu. Alikuwa anafungua saluni yake mpya kule juu karibu na tangi, na alikuwa ameagiza vioo viwili vya kujitazamia, virefu, vya kusimama mbele ya viti. Alisema Jumamosi wateja wa kwanza wanaingia, na saluni bila vioo si saluni, ni chumba chenye viti.

“Mwambie Jumamosi mchana,” alisema Baba Pacha.

“Anavitaka leo.”

“Leo hakuna dereva.”

“Dereva yupo,” alisema Mama Pacha. “Tunapeleka kimoja kwanza. Nikikivunja, au pikipiki ikirudi nyuma hata hatua moja, mpwa wako akija kesho funguo nitamkabidhi kwa mkono wangu, na sitainua mdomo tena. Lakini nikikifikisha, mpwa wako abaki kwa mama yake.”

Baba Pacha alimtazama. Alikuwa anampenda mkewe, hilo lisikupite. Ila alikuwa amechoka kuwa mtu wa kuonewa huruma, na uchovu wa namna hiyo hauna upole.

“Haya,” alisema. “Kifunge.”

Kioo cha kujitazamia kina kanuni yake ya kubebwa. Uso wake, ule unaong’aa, unafunikwa blanketi na kuelekezwa kwenye mgongo wa dereva, ili vifungo vya shati la abiria visiukwaruze. Mama Pacha alilichukua blanketi, akalikunja, akaliweka upande wa mgongo wa kioo, upande wake yeye. Uso akauacha wazi.

“Umegeuza,” alisema Baba Pacha.

“Najua. Leo uso unatazama kwako. Vua mkanda, na hilo shati la vifungo vua pia, vaa fulana.”

“Kanuni inasema…”

“Kanuni ulitunga wewe ulipokuwa mbele. Aliye mbele leo ni mimi.”

Akashangaa, lakini akavaa fulana. Alipanda nyuma, akakikumbatia kioo kwa mkono mzima na kigasha cha mkono mbovu, na mbele yake, karibu kabisa, kulikuwa na sura yake mwenyewe inamtazama. Hakupenda. Mama Pacha alimsikia akikohoa kidogo, kama mtu aliyekutana njiani na mtu anayemdai salamu.

Wakaenda. Barabara ya tambarare ikaisha, kilima kikaanza. Gia ya tatu, ya pili. Mgongo wa Mama Pacha ulikuwa umeegemea blanketi, na kupitia blanketi aliusikia ubao wa kioo, na kupitia kioo alimsikia mumewe. Hakuwa na macho nyuma, ila mgongo ulitosha. Mstari mweupe huo hapo. Lori linashuka, jingine nyuma yake. Akasimama. Mguu wa kushoto chini, wa kulia kwenye breki.

“Leo mpo?” aliita fundi viatu. “Nilete ufagio?”

Kioo kikaanza kumsukuma bega la kulia. Ndiyo ile. Inakuja polepole, kama kawaida, pikipiki inaanza kulalia, na mguu wake wa kulia unataka kutoka kwenye breki kwenda kuokoa. Mama Pacha akauma meno. Akaubakiza palepale. Alisema moyoni, tukianguka tuanguke, lakini mguu huu sitoi.

Kisha kioo kikasita. Kikakaa hapo kidogo, kimeinama. Halafu, taratibu sana, kioo kikarudi katikati, kikanyooka, kikatulia mgongoni mwake.

Malori yakaisha. Klachi. Injini ikaguna, pikipiki ikajikaza. Mafuta kidogo. Breki. Wakavuka barabara kubwa na kupanda upande wa pili bila kutikisika, na fundi viatu akarudi kwenye viatu vyake.

Mbele ya saluni Mama Pacha alizima injini. Mumewe hakushuka. Akageuka, akamkuta bado amekumbatia kioo, na machozi yanamtoka wazi wazi, hata hajaribu kuyafuta, maana mikono imeshika.

“Nimejiona,” alisema.

Mama Pacha akateremka, akakishika kioo upande wa pili.

“Nimeona mtu ametoa shingo kama kobe, na mguu ameutupa nje. Nikasema huyu mpumbavu ni nani, anataka kumwangusha mke wa watu? Nilitaka kumgombeza, Mama Pacha. Wallahi mdomo niliufungua.” Akavuta kamasi. “Kumbe siku zote ni mimi. Nilidhani nikiacha kutazama barabara ndiyo basi, nimekwisha. Nimebaki mzigo.”

“Wewe si mzigo,” alisema Mama Pacha, naye akaanza kulia. “Ungekuwa mzigo ungetulia.”

Wakacheka huku wanalia, barabarani, mchana kweupe, na msusi alipotoka kupokea kioo chake alidhani kimevunjika, akapiga kelele. Ikabidi wamtulize. Baba Pacha akakipima ukutani, Mama Pacha akatoboa kwa drili, na walipomaliza msusi alijitazama mbele na nyuma mpaka wakamwonea aibu.

Walipokuwa wanakusanya vifaa, Baba Pacha akauliza bila kuinua kichwa.

“Wewe ulikuwa unafanyaje? Miaka yote ile, huko nyuma. Mbona hukuwahi kuegemea?”

“Nilikuwa nafumba macho.”

“Miaka yote?”

“Tangu tunatoka dukani mpaka unasema tumefika.”

“Hata kwenye lile daraja la mbao?”

“Hasa kwenye daraja la mbao.”

Baba Pacha alikaa kwenye kiti cha msusi kama mteja. Msusi akamuuliza kama anataka kunyolewa.

Kioo cha pili walikibeba mchana. Safari hii walikifunga kwa kanuni, uso kwenye mgongo wa dereva, blanketi limezunguka kila upande. Baba Pacha alipanda, akajiweka sawa, akavuta pumzi.

“Nimefumba,” alisema.

“Usinidanganye.”

“Nimefumba, twende.”

Jua lilikuwa kali na malori yalikuwa mengi. Kwenye mstari walisimama sana. Mama Pacha alisubiri bega la kulia lisukumwe, halikusukumwa. Pikipiki ilisimama wima kama imefungwa kwenye nguzo. Fundi viatu alikuwa ameinamia soli ya mtu, anashona, hakuinua hata uso, na kama kulikuwa na la kuona basi lilimpita. Klachi, injini ikaguna, mafuta, breki. Wakavuka, wakapita ukuta wa zahanati, wakapita wanafunzi wanatoka shule, na tangi likaonekana juu.

“Mama Pacha,” ikasema sauti nyuma ya blanketi. “Bado hatujafika pale mstarini?”

“Tumeshapita.”

“Tumepita lini?”

“Muda. Sasa hivi tuko karibu na saluni.”



“Mbona sijasikia?”

Mama Pacha akaongeza mafuta kidogo. Mbele yake barabara ilikuwa wazi.

“Fumbua basi macho,” alisema baadaye.

“Ngoja kwanza tufike.” Baba Pacha akajiweka sawa na kioo chake. “Halafu, yule kijana wa dada. Mpigie simu umwambie asije.”

“Mpigie wewe tukifika,” alisema Mama Pacha, akashusha gia. “Mimi naendesha.”